Devassy Chettan na Taa Namba Saba

Alhamisi hii, tarehe 30 Oktoba 2025, Bwana Devassy Puthukkara anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya maonyesho hapa Doha kwa miaka ishirini na minne na miezi minane. Alifika Februari 2001 akiwa na sanduku moja, mwavuli ambao kwa hesabu yake mwenyewe ameufungua mara tisa tu tangu siku hiyo, na jina ambalo kwao Kerala, kusini mwa India, kila mwenye televisheni alilijua. Hapa hakuna aliyelijua. Aliandikishwa kuwa mvuta nyaya wa jukwaani, akapewa fulana ya kampuni iliyomfika magotini, na hakumwambia mtu kwamba ameigiza filamu sitini na tatu.

Sisi tunamwita Chettan. Ni neno la Kimalayalam, lugha ya kwao, maana yake kaka mkubwa. Wakenya tunamwita hivyo, Waganda, Wanepali, Wafilipino, hata mudir wetu, yaani mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kumwita mjomba.

Ofisi imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimemtunzia mavazi miaka tisa. Mimi si mtu wa kalamu, shule yangu iliishia darasa la nane kule Masii, basi nimeomba Mungu kwanza ndipo nikakaa. Najua habari za mchekeshaji zinatakiwa zichekeshe, na za kuchekesha zipo, nitazisema. Lakini ndugu zangu, siwezi kuwaficha. Kuna jambo moja la kazi ambalo Chettan hakulimaliza. Ameahidi kulimaliza leo mbele yetu, na mimi naogopa.

Alizaliwa mwaka 1958 katika kijiji karibu na mji wa Thrissur, mtoto wa tano wa mpishi wa harusi. Alianza kuchekesha akiwa na miaka kumi na moja, kwa kuigiza kikohozi cha askofu kwenye sikukuu ya kanisa lao. Askofu alicheka, baba yake akamchapa, na yeye anasema alijifunza mambo yote mawili ya sanaa siku hiyo hiyo. Alipokua alijiunga na kikundi cha waigaji sauti waliokuwa wakizunguka kwenye sherehe za makanisa na mahekalu. Kiongozi wao alikuwa mchekeshaji mkubwa kwa umri na kwa sifa, Mzee Porinchu. Lishikeni jina hilo.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1979. Alikuwa mteja wa kinyozi aliyenyolewa ndevu upande mmoja kisha kinyozi akakimbia. Alionekana kwa sekunde kumi. Mwongozaji aligundua kwamba ule uso haukusogea hata kidogo, na watu walicheka kwa sababu haukusogea. Kuanzia hapo Chettan akawa mtu wa uso wa jiwe. Alikuwa mtu wa posta, dalali wa ndoa, polisi anayeogopa mbwa, mpishi aliyeangusha jino lake kwenye uji wa harusi. Katika filamu zote sitini na tatu hakutabasamu hata mara moja. Mimi nimezitazama kumi na nne kwenye simu, bila kuelewa neno, na nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akagonga ukuta.

Baadaye akawa mtayarishaji wa filamu zake mwenyewe. Alitayarisha nne. Sababu ya kutotayarisha ya tano aliniambia mwaka 2019, tukipiga pasi mashati ya onyesho la Onam, sikukuu yao ya mavuno, na amenipa ruhusa niiandike.

Katika filamu za kwao kuna desturi. Mwigizaji akilala kuigiza maiti, kazi haimaliziki mwongozaji anaposema imetosha. Kamera inaachwa iendelee. Aliyelala anafumbua macho, anaitazama kamera, anatabasamu. Kipande hicho hakionyeshwi popote. Ni cha kukiambia kifo kwamba hapa tulikuwa tunacheza tu, usije ukachukua mtu kwa makosa.

Katika ile filamu ya nne, aliyeigiza maiti alikuwa Mzee Porinchu. Walikuwa wamemlaza barazani tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inakuja, jenereta imeanza kukohoa, watu wamechoka. Mara walipomaliza sehemu yenyewe, jenereta ikazimika. Fundi akasema atahitaji nusu saa. Mtayarishaji alikuwa Chettan, na uamuzi ulikuwa wake. Akasema, "Pakieni. Mzee atatabasamu kesho." Mzee Porinchu mwenyewe hakubisha, alijipangusa poda usoni akisema ametabasamia kamera miaka thelathini na leo ameipa likizo. Asubuhi walipokwenda kumwamsha hakuamka.

Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka sabini na moja na alishaugua kabla. Filamu ikatoka, watu wakacheka sana. Chettan aliketi kiti cha nyuma siku ya kwanza, na sehemu ya barazani ilipofika alitoka nje, hakurudi. Mwaka uliofuata alikuwa hapa Doha anavuta nyaya.

Mimi ni mtu wa kanisa. Kila Ijumaa niko Mesaimeer kwenye ibada, na naamini uhai umo mkononi mwa Mungu, haumo kwenye kamera. Nilimwambia hivyo palepale na pasi mkononi. Akanijibu kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa walinzi Wakenya wa mtaa wa Al Sadd, "Mama Winfred, mimi pia amini. Padri wangu amini zaidi. Wewe ambia hii hofu isikilize padri."

Hofu yake hiyo ndiyo iliyotupa sheria ya kazi ambayo kila mfanyakazi wa jukwaa hapa anaijua. Chettan hakukaa kwenye nyaya muda mrefu. Mwaka wa tatu, mchekeshaji mmoja kutoka nje alishindwa kufika, na mvuta nyaya akajitolea. Siku hiyo Wamalayali, watu wa kwao, waliokuwa ukumbini walisimama wote wakipiga mayowe, na mudir wa wakati huo akauliza kwa nini wanampigia kelele mtu wa nyaya. Kufikia mwaka 2007 alikuwa mtayarishaji wa maonyesho yetu yote ya jukwaani. Ndiye aliyeanzisha maonyesho ya Ijumaa kule Sanaiya kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Ndiye aliyewafundisha kazi mafundi kumi na mmoja ambao leo wanaongoza majukwaa mpaka Muscat. Mwaka wa Kombe la Dunia alifanya maonyesho arobaini kwa siku ishirini na nane, akila ndizi na chai ya karak tu, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti.

Na ndiye aliyetunga kichekesho cha Maiti Ana Njaa. Kwa wasiokijua, Chettan analala kitandani amefunikwa shuka jeupe, pamba puani. Ndugu zake wanalia, halafu wanaanza kugombania chakula cha matanga, samaki au nyama. Yeye analala dakika nne kamili bila kusogea, na sinia la samaki linapitishwa juu ya uso wake. Hatimaye mkono mmoja unatoka chini ya shuka. Basi.

Pazia likifungwa, watazamaji wakiwa bado wanapiga makofi, kuna kitu kinafanyika nyuma ambacho wao hawakuwahi kukiona. Taa zote zinazimwa isipokuwa moja, namba saba, ile ya kushoto juu. Chettan amelala vilevile. Hakuna anayegusa kiti, wala kufungua kamba, wala kumsemesha. Anageuza uso kwenye taa namba saba, anatabasamu, na taa inazimwa. Hapo ndipo tunabomoa jukwaa. Lile tabasamu ambalo Kerala nzima haikuwahi kuliona, sisi wabeba mbao tuliliona kila Ijumaa.

Benard, fundi wetu wa taa kutoka Kakamega, alipofika mara ya kwanza aliniuliza, "Mathe, hii ni kazi ama ni uganga?" Nikamwambia nami sijui, washa tu.

Na mimi nina aibu yangu ya kusimulia, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Niliingia kampuni hii Machi 2016, nikitoka kazi ya nyumbani kule The Pearl. Jioni yangu ya kwanza nilipewa mavazi nishike pembeni ya jukwaa, na hakuna aliyenieleza kichekesho chenyewe. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemzika baba watoto, naye alilala hivyohivyo, mdomo wazi kidogo. Nikahesabu dakika ya kwanza, ya pili. Ya tatu sikuweza. Nilikimbia katikati ya jukwaa na koti mkononi, nikaanguka magotini nikapiga ukunga, "Jamani, amekufa! Amekufa kweli!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Maiti, bila kufungua macho, akaninong'oneza, "Rudi, mama. Bado nakufa."

Nililia usiku ule nikijua kazi imekwisha. Kesho yake Chettan akaniita, uso wa jiwe, akaniambia nitafanya vilevile kila onyesho. Mwigizaji wetu Sabu, anayeigiza mdogo wa marehemu, angenivuta akiuliza, "Huyu mama ni nani?" na ndugu wote wangegundua kwamba marehemu alikuwa na mke wa siri Afrika. Mimi, wa umoja wa akina mama, niwe mke wa siri! Nilikwenda kumuuliza mchungaji wangu. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema niende.

Lakini Chettan aliona kwamba kila nikikimbia, hofu yangu ilikuwa ya kweli. Akaniwekea ishara. Nikifika magotini nishike kidole gumba chake chini ya shuka, naye atanibonyeza mara mbili, maana yake niko hai, endelea kulia. Kwa miaka tisa alinibonyeza mara mbili kila mara. Nadhani hilo ndilo jambo jema zaidi ambalo bosi amewahi kunifanyia.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ya tarehe 7 Februari mwaka huu.

Tulikuwa Sanaiya, jukwaa la uwanjani, watu zaidi ya elfu mbili. Mchana Chettan alikuwa akijisugua bega. Nilimuuliza, akasema ni mto mbaya. Jebet, nesi wetu wa huduma ya kwanza, naye alimuuliza, akapewa jibu lilelile, akamwambia, "Mzee, wewe na huo mto mtaniona baada ya shoo." Aliagiza karak, akaiacha nusu. Miaka tisa sijamwona akiacha karak. Niliona, na nikaendelea kushona kifungo.

Onyesho likaanza baada ya sala ya magharibi. Akalala. Sabu na wenzake wakagombania samaki. Dakika ya tatu nikakimbia kama kawaida, nikaanguka magotini, nikashika kidole.

Hakunibonyeza.

Nikadhani amesahau. Nikambonyeza mimi. Kidole kilikuwa baridi na kimelowa jasho. Nikambonyeza tena, nikamwita jina, halafu nikapiga kelele, na maneno yaliyonitoka, jamani, yalikuwa yaleyale. "Amekufa! Amekufa kweli!"

Wale watu walikuwa wamekiona kichekesho hicho mara nyingi. Wanepali, Wabangladeshi, Wamalayali, wote walikuwa wamejifunza Kiswahili changu. Wakaitikia pamoja, elfu mbili, kwa furaha, "Amekufa kweli! Amekufa kweli!" Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Sabu akanivuta bega kama tulivyozoea, "Huyu mama ni nani?" Nikampiga kofi. Wakacheka zaidi. Nikamwambia, "Sabu, si mchezo!" Naye akaona nimeongeza maneno, akanijibu kwa kichekesho. Sijui kama mmewahi kusema ukweli kwa nguvu zenu zote na kila mtu akawapigia makofi. Mimi sitaki tena katika maisha yangu.

Ndipo nikaikumbuka ile taa. Nikasimama, nikaonyesha juu kushoto kwa mikono yote miwili, nikapiga kelele, "Benard! Saba! Washa saba!"

Benard anasema hakusikia hata neno moja kwa zile kelele. Aliona tu kwamba ninaonyesha namba saba, na hakuna mtu wa jukwaa anayegusa habari ya namba saba kabla ya mwisho. Hakuuliza. Akaiwasha.

Mwanga ukamwangukia Chettan usoni. Na kila mfanyakazi aliyekuwa nyuma, seremala, mvuta pazia, mbeba viti, akasimama kama alivyozoea kusimama, mikono chini, akingoja. Chettan hachukui zaidi ya sekunde tatu. Tukahesabu moja, mbili, tatu. Tukahesabu nne. Ile nne siisahau.

Wakaja wote. Hakuna aliyeitwa. Seremala aliacha nyundo ikaanguka, watu wa pazia wakaliacha pazia, wakapanda jukwaani na nguo zao za kazi. Watazamaji bado wanacheka, wanadhani ni mchezo mpya. Sabu akamtazama Chettan chini ya ile taa, kisha akainua mkono taratibu akabandua sharubu zake za bandia. Hapo ndipo mstari wa mbele uliponyamaza. Kimya kikaenda nyuma, mstari kwa mstari. Wale wa mwisho kabisa walikuwa bado wanaitikia amekufa kweli wakati Jebet alikuwa tayari yuko magotini, mikono kifuani kwa Chettan, anahesabu kwa sauti.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika tisa. Jebet hakuacha hata dakika moja. Kampuni imemshukuru kwa cheti, mimi namshukuru kila asubuhi kabla sijavaa viatu.

Chettan hakuzinduka siku tano. Kwa ratiba, jukwaa la Sanaiya lilitakiwa kubomolewa Jumamosi. Halikubomolewa. Hakukuwa na mgomo wala mkutano. Wafanyakazi walifika na zana zao, wakaona namba saba inawaka juani, wakaketi chini. Mudir akaja amekasirika. Akauliza kwa nini taa inawaka mchana. Benard akamwambia, "Bosi, hajatabasamu." Mudir alitazama juu muda mrefu, akasema, "Khalas, iacheni," akawatumia maji ya kunywa. Siku ya nne balbu iliungua yenyewe. Benard alipanda akaibadilisha haraka bila kumwambia yeyote. Aliniambia mwezi Juni tu.

Siku ya sita Chettan alifumbua macho, ndipo tukaizima namba saba na kubomoa jukwaa. Siku ya nane waliondoa mrija kooni. Niliruhusiwa kuingia pamoja na mke wake, Mama Rosily, aliyekuwa ameruka kutoka Kochi, kule Kerala. Chettan alinitazama, akasema neno lake la kwanza.

"Nilitabasamu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilifundishwa kutosema uongo, na pia nilijua angeuona usoni kwangu, maana mimi sina uso wa jiwe. Nikasema, "Bado, Chettan." Akafumba macho. Mashine ya pembeni ikaanza kupiga haraka, nesi akanitoa nje.

Tangu siku hiyo miezi minane imepita na Chettan hajatabasamu. Anatembea, anakula, anatuchekesha akiwa na uso wake uleule. Alipoambiwa na daktari kwamba moyo wake unafanya kazi chini ya nusu, alijibu kwamba hata maafisa wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewalaza. Lakini Mama Rosily aliniambia kwamba nyumbani kwao hapa Doha, mtaa wa Al Thumama, analala ameketi. Taa ya kusimama ya sebuleni ameigeuza ikatazama ukuta. Siku moja fundi wa umeme alimulika tochi usoni kwake kwa bahati mbaya, Chettan akatoka chumbani mbio, yeye ambaye haruhusiwi kukimbia.

Anaogopa pande mbili. Anaogopa kwamba hajatabasamu, na lile igizo bado liko wazi kama la Mzee Porinchu lilivyoachwa wazi. Na anaogopa kwamba akitabasamu sasa, amechelewa, na huo ndio utakuwa mwisho wa igizo. Jumamosi, tarehe mosi Novemba, atapanda ndege kurudi kwao, na huko atafanyiwa upasuaji ambao madaktari wa hapa na wa kule wanauongea kwa sauti ya chini. Hataki kwenda na lile jambo begani. Wala hakutaka kuligusa.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea mahamri. Tulikaa, tukaomba, mimi kwa Kikamba na wao kwa Kimalayalam, Mungu akazitenganisha lugha mwenyewe. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtu anaweza kutabasamia taa akiwa amechelewa miezi minane. Nilitaka kusema mambo makubwa nikakosa. Nikamwambia, "Chettan, umekuwa mtu wa posta kwenye filamu sita. Posta inafunga dirisha saa kumi. Mungu hafungi."

Alimaliza karak yake yote, mpaka chini, nikaona. Halafu akasema, "Namba saba iko wapi?"

"Iko kwangu, kabatini. Nimeifunga kwenye lile shuka jeupe."

"Ambia Benard alete."

Kwa hiyo ndugu zangu mlioshika kijitabu hiki hapa ukumbini Al Sadd, ratiba ya leo iko hivi. Baada ya hotuba ya mudir, zawadi, na sala nitakayoiongoza mimi, taa zote zitazimwa. Benard ataiwasha namba saba, juu kushoto. Chettan hatalala. Amekataa kulala, na madaktari wamemuunga mkono. Ataketi kwenye kiti. Pazia litakuwa wazi, kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wale ambao hamkuwahi kufanya kazi nyuma leo mtaona tulichokuwa tunakiona sisi.

Tunaomba msipige makofi. Msipige picha. Sabu ameombwa asiseme neno, na ameapa kwa mama yake. Jebet ataketi mstari wa mbele na mkoba wake, msiogope mkimwona, yeye ndiye aliyeomba. Wafanyakazi wa jukwaa tutasimama mahali petu, mikono chini, kama kazini. Hakuna kiti kitakachoinuliwa, hakuna kamba itakayofunguliwa, hakuna mtu atakayekwenda kwenye pilau mpaka amalize. Zamani alichukua sekunde tatu. Leo achukue muda anaoutaka. Akishindwa, tutaizima kwa heshima, na Benard ataifunga namba saba kwenye sanduku la Chettan aende nayo Kerala, akaiwashe siku atakayoweza.

Mimi nitakuwa upande wake wa kulia. Nimemwomba ruhusa nimshike kidole gumba, naye amekubali. Safari hii hakuna shuka, mtaona wote.

Chettan, umetulisha kicheko miaka ishirini na minne na wewe mwenyewe ukiwa na njaa ya amani. Asante kwa kazi uliyotufundisha. Asante kwa Ijumaa za Sanaiya, watu waliolala nane chumba kimoja wakacheka wakasahau joto. Asante kwa kunigeuza mke wa siri na kwa kunibonyeza mara mbili. Safari yako iwe nyepesi, mikono ya madaktari wako iwe thabiti, na miaka iliyobaki iwe mingi na mizuri kuliko tunavyothubutu kuomba. Umsalimie Mzee Porinchu kaburini kwake ukifika, umwambie hukumsahau, kisha urudi nyumbani ukale.

Mimi bado naogopa. Lakini taa iko tayari, Chettan, na hakuna aliyegusa kiti.

Winfred Mbithe,
Idara ya Mavazi